Starlink imeingia, lakini foni ya mu pori isiuzwe kwa kilo

Mwanzo wa Mei 2025, ARPTC, ile ofisi ya serkali inayosimamia simu na mawasiliano mu Kongo, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi mu inchi yetu. Mwaka mmoja mbele ya pale, mu Machi 2024, ofisi ileile ilikuwa imeikataza. Kwa mtu wa Dilala anayechoka kungojea video ifunguke, ile ilikuwa habari nzuri. Sahani moja juu ya nyumba, na intaneti inashuka kutoka satelaiti hata kama mnara wa karibu umelala.

Ila habari hiyo inaleta swali lingine mu biro za zoni za afya, mu misioni na kwa wafanyabiashara wa zamani: foni sasa tuifanye nini? Foni ni ile masini ya chuma yenye mikro ya kamba ya kujikunja, batri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Wengi wanaiona ni kitu cha wazee, cha kuuzwa kwa kilo pamoja na mabati ya kutu. Haraka hiyo ni mbaya. Kwa kuelewa juu ya nini ni mbaya, inabidi kwanza kujua foni inafanya kazi namna gani, juu hata watu walioitumia miaka 20 hawakuelezwa na mtu.

Wasomaji waliopita miaka 35 wanakumbuka. Miaka ya 1990 posta ilikuwa imelala, simu ya waya nayo ilikuwa imelala, Celtel na Vodacom zilikuwa hazijafika. Mtu wa Kolwezi mwenye ndugu ku Kapanga, ku Sandoa, ku Kamina ao ku Mbujimayi alikwenda ku nyumba ya foni. Alilipa, alikaa pamoja na wengine, akangojea saa ya vakasio, maana yake saa ya miadi ambayo opereta wa kule naye anawasha masini yake. Kisha ilianza: "Alo, alo, Kapanga, unanipata?" "Ninakupata 5 juu ya 5, sema." Hakuna kusema wote pamoja. Mmoja anabonyeza mikro anasema, anaachia, mwingine anajibu. Habari ya kilio, ya ndoa, ya mtoto aliyezaliwa, bei ya mahindi, vyote vilipita pale. Hata makuta yalitumwa: mtu anaacha pesa ku Kolwezi, opereta anamuambia mwenzake kiasi na jina, na kule ndugu anapokea. Simu zilikuja kufanya kazi hiyo kisha. Foni ilikuwa inaifanya tayari, paka kwa sauti na kuaminiana.

Siri haikuwako. Kila mtu aliyekaa pale alisikia, na mwenye masini ingine mbali naye alisikia. Wafanyabiashara walijifunza kusema bei kwa mafumbo. Itabidi kurudi pale, juu shida kubwa ya foni iko palepale.

Nusu ya wimbi inatosha

Ku uso wa foni kuko butoni imeandikwa USB. Kijana wa leo akiiona anatafuta tundu la kuingiza fleshi. USB hii ilikuwako miaka mingi mbele ya ile ya kompyuta, na inaonyesha upande wa juu wa wimbi. Mwenzake ni LSB, upande wa chini. Mafundi wetu, juu walisoma kwa Kifaransa, wanaiita namna hii yote BLU, ni kusema bendi moja ya kando.

Moja ya nini? Redio ya zamani, ile ya wimbi la kati na ya wimbi fupi, inatuma vitu vitatu kwa mara moja. Katikati kuko wimbi linalobeba. Lenyewe halina habari yoyote, linapiga paka mluzi mmoja usiobadilika. Ku kila upande wake kuko bendi ya kando yenye sauti ndani, na bendi hizo mbili zinasema kitu kilekile, sawa mtu na sura yake mu kioo. Sasa tuhesabu. Kama watt 100 zinatoka ku antena na sauti imejaa kabisa, karibu watt 67 ni za wimbi linalobeba. Zinazobaki 33 zinagawanywa pande mbili, 16 na kitu kila upande. Ni sawa kulipa kamio kutoka Kolwezi mpaka Kasumbalesa, theluthi mbili ya mazuti inasukuma kamio tupu, kisha mzigo wenyewe umepakiwa mara mbili, wa kweli na fotokopi yake.

Mu 1915, injinia Mmarekani John Renshaw Carson aliomba hati ya uvumbuzi kwa wazo lake: ondoa wimbi linalobeba, ondoa na bendi moja ya kando, tuma paka ile moja inayobaki, juu sauti yote iko ndani yake. Tarehe 7 Januari 1927, wakati huduma ya simu kwa redio kati ya New York na London ilifunguliwa, ilipita juu ya bahari kwa njia hiyo. Faida zilionekana mara moja. Nguvu yote inakwenda ku sauti. Na nafasi inayochukuliwa hewani inapungua kwa nusu, inabaki karibu kilohezi 3, hivi maongezi mengi zaidi yanaenea mu nafasi moja.

Kwa kijiji kuko faida ingine, ambayo vitabu havikawii juu yake, labda juu vimeandikwa na watu wenye umeme mchana na usiku. Mtu akinyamaza, BLU haitumi kitu. Redio yenye wimbi linalobeba inakula batri hata wakati opereta anavuta pumzi ao anatafuta karatasi yake. Foni ya watt 100 inavuta karibu ampea 20 wakati sauti inapanda, lakini kati ya neno na neno inashuka, na wakati wa kusikiliza inakula kidogo tu. Njo maana batri moja ya gari na pano ya jua vinatosha kwa vakasio za kila siku.

Lakini kuko mtu anayelipa faida hiyo, naye ni mwenye kusikiliza. Lile wimbi linalobeba lilikuwa linasaidia masini ya kupokea kuifungua sauti. Kama halikutumwa, masini ya kupokea inapaswa kutengeneza lake yenyewe na kuliweka palepale ambapo lingekuwa. Likikosea hezi 50, sauti inageuka kidogo tu. Likikosea mia chache, mama mtu mzima anasema kama bata. Wenye walikuwa na redio ya wimbi fupi ku nyumba wanaijua ile sauti ya bata iliyokuwa inapita kati ya stesheni mbili usiku. Mara nyingi ilikuwa foni ya mtu tu, na redio yao haikuwa na namna ya kuifungua. Opereta anayejua kazi anashika butoni ndogo ya kusafisha sauti na kuizungusha polepole mpaka bata anageuka mtu. Kuweka tena kile kilichoondolewa, bila kukosea, njo kazi ngumu ya BLU, na njo inafanya masini yake iwe na bei kuliko redio ya sokoni.

Kapanga ni mbali

Tazama karta ya Lualaba. Kutoka Kolwezi mpaka Kapanga, kwa mstari wa ndege, ni karibu kilometa 400. Dilolo, ku mupaka wa Angola, ni zaidi ya 300. Sandoa nayo ni 300 hivi. Kwa barabara inazidi, na mu majira ya mvua hakuna mtu anayeweza kukuahidi siku ya kufika. Motorola ya walinzi wa mgodi haifiki kule. Wimbi lake linakwenda wima mbele yake sawa mwanga wa tochi, linagonga mlima ao linaishia kule ambako udongo unajipinda. FM ya redio za jamii nayo iko hivyo, njo sababu inahitaji mlingoti mrefu.

Foni inatupa wimbi ku mbingu. Kilometa 250 hivi juu ya vichwa vyetu kuko tabaka la hewa lililochomwa na jua, mafundi wanaliita ayonosfia, na linarudisha wimbi chini. Waya ukifungwa meta chache tu juu ya udongo, wimbi linapanda karibu wima kabisa, kisha linarudi sawa mvua juu ya eneo la kilometa mia kadhaa pande zote. Mlima hauna neno pale. Lakini frekansi ya mchana si ya usiku: mchana mega 7 inakwenda vizuri, usiku inabidi kushuka mpaka mega 3 ao 4, juu jua limetoka na tabaka limepungua nguvu. Opereta mpya asiyeambiwa hilo anafikiri masini imekufa.

Sasa chukua zoni za afya kama Kapanga, Kalamba, Kafakumba, Sandoa, Kasaji. Mama amezaa mu kituo cha afya cha kijiji, damu haikatiki. Muuguzi anahitaji vitu viwili upesi: shauri la munganga wa hospitali, na motokari ao pikipiki ya kumupeleka mgonjwa. Kama simu inashika, simu njo bora, hakuna kubisha. Lakini kuko vijiji ambako mtu anapanda juu ya kichuguu na simu mkononi kutafuta rezo. Na mnara wenyewe, mahali pengi, unaishi na mazuti. Mazuti ikikwama ku barabara, eneo zima linanyamaza. Kati ya foni mbili hakuna mnara, hakuna mazuti ya kampuni, hakuna mtu wa tatu.

Jirani zetu wa Afrika ya mashariki wanalijua jambo hili zamani. AMREF, iliyoanzishwa 1957 na kuweka makao yake ku Nairobi, kwa miaka mingi ilikuwa inaitwa kwa redio ya namna hii na hospitali za misioni za mbali, kisha ndege inatoka ku uwanja wa Wilson kwenda kuchukua mgonjwa. Munganga wa mjini aliweza pia kumusaidia muuguzi wa pori kwa maneno tu, bila ndege kuruka.

Miezi mitatu ya kimya

Mfano unaouma zaidi uko kaskazini-mashariki ya inchi. Kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009, wapiganaji wa LRA ya Joseph Kony walipita mu vijiji vya eneo la Makombo, mu Haut-Uele. Human Rights Watch ilihesabu kwa uchache watu 321 waliouawa na wengine zaidi ya 250 waliotekwa, pamoja na watoto. Ripoti yao ilitoka mwisho wa Machi 2010.

Hesabu mwenyewe: Desemba mpaka Machi. Vijiji vizima vilikuwa vimezika watu wao, na mu miji mikubwa, hata Kinshasa, watu hawakujua ukubwa wa jambo. Makombo ilikuwa mbali na barabara nzuri, mbali na rezo ya simu. Aliyetaka kutoa habari alitembea kwa miguu mu pori ambamo wauaji walikuwa wangali wanatembea.

Kisha mauaji yale, Kanisa Katoliki la jimbo la Dungu-Doruma, kupitia tume yake ya haki na amani, pamoja na shirika la Marekani Invisible Children, waliongeza foni mu vijiji vya Uele. Kila kituo kilikuwa na opereta wa palepale. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, alishika mikro na kusema: tumeona nini, nyayo zinaelekea wapi, nani ametekwa, nani amerudi kutoka pori. Tangu 2011 habari hizo ziliwekwa pia ku karta ya wazi iliyoitwa LRA Crisis Tracker, na mashirika ya msaada na majeshi walikuwa wanaiangalia.

Foni haikuimaliza LRA, na mtu asidanganywe. Masini haina bunduki. Lakini kijiji cha jirani kiliweza kupata habari mbele ya kushambuliwa, na wafu hawakungojea tena miezi mitatu ili wahesabiwe. Kwa wakaaji wa Ituri, Uele na Kivu, hiyo si kitu kidogo.

Masikio ya kila mtu

Sasa ule upande mwingine. LRA yenyewe ilikuwa inatumia foni. Miaka mingi mu Uganda ya kaskazini, makamanda wake waliongea wao kwa wao kwa saa zinazojulikana, kwa masini za namna hii. Askari, polisi na wapelelezi wa Uganda walikaa na masini zinazofanana, wakasikiliza, wakaandika mu madaftari, wakarekodi ku kaseti. LRA ilikuwa na mafumbo yake, hata kitabu cha kodi walichokiita TONFAS. Haikuwasaidia sana. Wasikilizaji walizoea sauti mpaka walijua ni nani anasema mbele ya kusikia jina. Kaseti na madaftari yale yalifika ku Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, mu kesi ya Dominic Ongwen, na tarehe 4 Februari 2021 majaji walimukuta na hatia ya makosa 61.

Hivi mtu asifikiri sauti ya bata ni kufuli. Kuondoa wimbi linalobeba ni kubana mafuta tu, hakufichi kitu. Yeyote mwenye masini na subira anafungua, iwe jeshi, iwe kikundi cha silaha, iwe mfanyabiashara anayetaka kujua bei ya mwenzake.

Njo maana foni imewaletea watu matatizo. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, mashariki, mwenye foni alikuwa mtu wa kushukiwa na kila upande. Waya mrefu juu ya mti, kwa askari aliyetoka mbali, ni alama ya mpelelezi. Hofu hiyo ina sababu, vita ni vita, lakini ikimuangukia muuguzi aliyekuwa anaomba damu, kijiji kinalipa kosa lisilo lake. Kituo cha afya chenye foni kinapaswa kuwa na karatasi zake ukutani, na chefu wa teritware na komanda wa eneo waambiwe mbele, isiwe siku ya msako.

Kuko pia aibu za watu. Mgonjwa wa ukimwi, msichana aliyebakwa, majina yao hayafai kupita mu hewa inayosikiwa na teritware nzima. Dawa yake ni rahisi: namba ya fishi mahali pa jina, na neno lililokubaliwa mahali pa ugonjwa. Kwa foni, uzoefu huo ni wa lazima sawa kuosha mikono.

Nani anashika ufunguo

Turudi ku Starlink. Wenye kusema kwamba satelaiti inamaliza kazi ya foni wanapima kasi tu. Kwa kasi foni imeshindwa, haibebi video, na haitabeba. Swali la wakati wa taabu ni lingine: nani anaweza kukata, na akikata ni nani anabaki na sauti?

Inchi yetu ina kumbukumbu. Mu Januari 2015, wakati wa maandamano ku Kinshasa, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa inchi nzima, na hazikurudi mpaka karibu 20 Januari 2019. Kampuni zilipewa amri, zikafunga. Mwisho wa Januari 2025 ku Goma, wakati M23 iliingia mji, umeme, maji na intaneti vilikatika katikati ya mapigano, na familia za Kolwezi zenye watu kule zilibaki na simu mkononi bila jibu. Sababu hazikufanana, lakini ku mtu wa chini matokeo ni yaleyale.

Starlink inapita juu ya minara yetu, ndiyo. Lakini nayo ina ufunguo: uko kwa kampuni moja ya Marekani, na mu ruhusa ya ARPTC, ileile ofisi iliyokataza 2024 na kukubali 2025. Tena kila mwezi kuko malipo. Mradi wa wazungu ukimalizika na dola zikikosa, sahani inabaki pambo la nyumba. Foni haina bili ya mwezi ya kampuni. Iko na sheria yake, bila shaka: sheria nº 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inataka mwenye kutumia frekansi awe na ruhusa. Lakini ukiwa na ruhusa, batri na waya, hakuna mtu Kinshasa mwenye butoni ya kuzima sauti kati ya Kapanga na Kolwezi.

Jua peke yake njo linaweza. Mu Mei 2024, milipuko mikubwa ya jua ilivuruga redio za wimbi fupi sehemu nyingi za dunia, kwa saa kadhaa. Hiyo inapita. Radi za kwetu zinasumbua zaidi: kuanzia Oktoba mpaka Aprili, jioni, mega 3 na 4 zinajaa mikwaruzo. Na mu mji kama Kolwezi adui mpya ni chaja za bei rahisi na taa za LED, ambazo zinatoa makelele yanayofunika sauti dhaifu. Antena iliyofungwa katikati ya karatye inasikia chaja kuliko inavyosikia Sandoa. Biro nyingi zinasema masini imeharibika, kumbe ni antena inatakiwa kusogezwa.

Tena BLU siyo ya sauti tu siku hizi. Mu Amazoni ya Brazili, shirika la Rhizomatica limefunga mtandao linaouita HERMES: kompyuta ndogo inaunganishwa na redio ya wimbi fupi, na vijiji vya ku mito vinatumiana ujumbe wa maandishi, hata picha ndogo, polepole, bila mnara wala satelaiti. Ujumbe unaweza pia kufungwa kwa kodi, na hapo shida ya masikio inapungua. Masini za vituo vyetu, zile zinazopumua bado, zinaweza kufungiwa vyombo vya namna hiyo. Hakuna ulazima wa kununua kila kitu upya.

Makuta yatoke wapi? Kwa Lualaba swali hilo lina jibu kuliko mu provensi zingine. Kodi ya migodi ya 2018 inaipa provensi asilimia 25 ya redevansi, na asilimia 15 kwa komine ao sekteri ambamo mgodi uko. Tena kila kampuni ya mgodi inapaswa kuweka kwa uchache asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Foni mpya pamoja na antena na pano inahesabiwa kwa maelfu machache ya dola. Jipu moja la mkubwa linalipa vituo kadhaa. Ni kweli, sehemu hizo zinafuata mgodi ulipo, na Kapanga haina migodi ya Kolwezi. Lakini ile 25 ni ya provensi nzima, na mabunge wa provensi wanaweza kuuliza swali dogo ku minista wa afya: mu zoni zote za Lualaba, ni foni ngapi zinazotoa sauti leo asubuhi? Zile zilizoandikwa tu ku enventeri zisihesabiwe.

Swali la pili ni la watu. Opereta wengi wa zamani wamezeeka ao wamehamia kwingine, na masini bila mwenye kuijua ni sanduku. Kumufundisha kijana hakuombi chuo kikuu. Wiki moja inatosha kwa saa za vakasio, frekansi ya mchana na ya usiku, kusafisha sauti ya bata, kulinda batri isishuke sana, na kusema kwa ufupi. Afundishwe wakati wazee wangali wanasikia.

Kwa vituo vyenye foni iliyokaa, mwezi wa Septemba, mbele ya mvua, njo wakati wa kuiangalia. Batri ipimwe, maji yake yaongezwe. Viungo vya waya vifunguliwe, kutu itolewe. Antena ikae mbali na nyumba yenye taa na chaja. Kwa urefu wa waya, gawanya 143 kwa mega za frekansi yenu: kwa mega 7 inatoka meta 20 na kidogo, kwa mega 5 meta 28 na nusu, na kebo inafungwa katikati kabisa. Upepo ukiukata, mtu mwenye kamba iliyopimwa na mti wa pili anaweza kuurudisha juu siku ileile.